Dhoruba ya Vimondo

Eunike alikuwa amefagia uwanja mpaka udongo ukang'aa kama sahani, na bado ufagio haukumtoka mkononi. Akifika kwenye ua wa mimea ya masale anasimama, anatega sikio upande wa barabara inayopanda kutoka Kiboriloni. Anasikia mbuzi. Anasikia maji ya mfereji. Anasikia watoto wa jirani wakigombania parachichi. Gari hasikii. Anageuka, anaanza kufagia upya.

“Mwanangu,” baba yake alisema kutoka barazani, “unatafuta maji humo ardhini?”

“Nafagia tu, baba.”

“Utatufikisha kwenye mwamba.”

Mzee Ebenezeri alikuwa amevaa koti lake la ibada, ingawa ilikuwa Jumamosi. Alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri pale Mbokomu, mtu wa kusema neno mara moja. Miguuni pake betri za redio zilipangwa juu ya jiwe, zinaota jua ili zipate nguvu za jioni. Na neno lake la safari hii alilisema juzi mezani, mbele ya mama na shangazi, huku anamenya ndizi:

“Watu wa Kirua Vunjo nitawasubiri Jumamosi mpaka jua lizame. Wakifika na mbege yao ya posa, tutaongea. Wasipofika, Jumatatu nawapokea watu wa Elisaria. Na chozi sitaki kuliona.”

Elisaria alikuwa karani wa chama cha ushirika, Mlutheri, mpole, mwenye baiskeli mpya. Kosa lake lilikuwa moja tu. Hakuwa Kornel.

Eunike alitazama magharibi. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea mlima Meru.

“Hawaji hao,” shangazi Veronika alisema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, miguu kainyoosha, anachambua maharage ambayo yalishachambuliwa. “Mtu anayekuja kuposa anafika mchana, watu wamwone. Huyu wako anangoja giza? Anakuja kuposa au kuiba kuku?”

“Shangazi, barabara ni mbaya.”

“Barabara hiyo hiyo ndiyo inayomleta huku kila wiki kukuchungulia kwenye migomba. Siku hizo haikuwa mbaya?”

Mama yake Eunike, Mama Ruth, alicheka jikoni, kisha akakohoa kuficha kicheko. Eunike hakucheka. Alikuwa anakumbuka maneno aliyoyasema mwenyewe wiki iliyopita, na kila dakika iliyopita bila mlio wa gari ilimrudishia maneno hayo usoni.

Siku ile aliteremka mjini kuuza maziwa, akapitia Majengo kwenye kibanda cha Kornel. Kornel alikuwa mchora mabango. Maduka mengi ya Majengo yalibeba mkono wake, na mabasi kadhaa pia. Alikuwa juu ya ngazi anachora ng'ombe kwa ajili ya bucha, shati wazi kifuani, ulimi kaubana kwenye meno. Eunike alipomwona tu, hasira aliyokuja nayo ilianza kuyeyuka, na hilo nalo likamkasirisha.

“Umesikiliza Chombo cha Alfajiri safari hii?” aliuliza.

“Ameanza,” Kornel alimwambia ng'ombe wake.

Chombo cha Alfajiri ulikuwa mchezo wa redio. Kila mwisho wa wiki, jioni, nusu ya Moshi ilikaa kimya kumsikiliza Kapteni Mbaraka akipotea huko kwenye nyota, na mchumba wake Zuhura akimngoja kwenye kituo cha anga. Miaka sita sasa. Eunike alianza kuusikiliza akiwa msichana wa shule, na hakuwahi kuukosa hata siku aliyougua malaria. Aliupenda kuliko mtu yeyote aliyemfahamu. Kwa hiyo hakuna aliyeuchukia kama yeye.

“Unajua kosa la yule mwandishi?” alisema. “Hana sababu. Akikwama tu, dhoruba! Mwaka juzi Kapteni alikatwa mkono wa kushoto na ile mashine. Tukalia. Mimi nililia, Kornel. Mwezi uliofuata namsikia anapiga makofi! Mkono umeota? Ameununua? Hakuna anayeeleza. Halafu Zuhura anamngoja, anamngoja, akibakiza hatua moja amwone, king'ora kinalia. Dhoruba ya vimondo! Hivyo vimondo vinatoka wapi kila siku? Vinamjua Kapteni kwa jina?”

Kornel alicheka mpaka pembe ya ng'ombe ikapinda. “Sasa umeniharibia ng'ombe. Kama mchezo ni mbaya hivyo, zima redio.”

“Nizime? Nimekaa na Zuhura miaka sita, nimwache peke yake huko?”

Kornel alishuka ngazi. Alimtazama kwa ule mtazamo wake, taratibu, kana kwamba anapima ukuta kabla ya kuuchora, na Eunike akainamisha macho kwenye kibuyu cha maziwa.

“Mimi Jumamosi nakuja,” alisema kwa sauti ya chini. “Nikiwa na mbege na baba mdogo Thadeus na shati jeupe. Mimi si Kapteni.”

“Na mama yako?”

Hapo uso wa Kornel ukajifunga. Huko Kirua Vunjo mbege ya posa, ile pombe ya ndizi na ulezi, hainunuliwi. Lazima itiwe ulezi na mkono wa mama wa kijana, na mama yake Kornel, mjane aitwaye Bernadetha, alikuwa ameshasema mbele ya ukoo mzima kwamba mkono wake, uliomshika Kornel alipobatizwa Kikatoliki, hautatia ulezi kwa ajili ya Mlutheri.

“Atalainika.”

“Umemwomba?”

“Nimemwambia.”

“Sikuuliza kama umemwambia. Umemwomba? Umempigia magoti?”

“Eunike, mimi napiga magoti kanisani tu. Mbele ya mtu, sijawahi. Baba yako mwenyewe nilimwamkia nimesimama wima, unakumbuka. Mtu akinitaka, anitake nikiwa nimesimama.”

Alilisema kwa fahari, kidevu juu, rangi nyeupe ya ng'ombe imemdondokea kwenye nyusi. Siku nyingine Eunike angeipenda fahari ile. Ndiyo iliyomvuta tangu mwanzo. Siku hiyo ilimtisha.

“Basi utaniletea dhoruba,” alisema. “Jumamosi nitakaa nangoja, na Jumapili utakuja na hadithi. Gari liliharibika, mto ulijaa, mjomba aliugua. Nakwambia mapema, Kornel, sitasikiliza. Dhoruba nimezichoka.”

Alibeba kibuyu chake akaondoka. Hawakuagana.

Na sasa jua lilikuwa limefika kwenye bega la Meru.

“Lete betri hizo,” Mzee Ebenezeri alisema. “Saa imefika.”

Eunike aliziokota, zina joto mkononi kama mayai yaliyotoka kuatamiwa. Alizitia kwenye redio moja moja. Mama Ruth alitoka jikoni akifuta mikono kwenye khanga. Hata shangazi Veronika, aliyekuwa akidai mchezo ule ni upuuzi wa watu wasio na ng'ombe, alisogeza kigoda.

Redio ilikoroma, ikapiga miluzi, kisha sauti nzito ikajaza uwanja. Leo, ilisema sauti, Chombo cha Alfajiri kinaiona taa ya kituo. Leo Kapteni Mbaraka yuko karibu kuliko wakati wowote.

“Leo anafika,” mama alinong'ona.

“Hafiki,” alisema Eunike.

“Nyamazeni,” alisema mzee.

Kapteni alizungumza. Sauti yake ilikuwa imechoka, nzuri, ya mtu aliyepita mbali. Zuhura alijibu, na katikati ya maneno yao kulikuwa na mikwaruzo, lakini ilikuwa mikwaruzo ya redio ya Mzee Ebenezeri, si ya anga. Mbaraka, naiona taa yako. Zuhura, fungua mlango. Eunike aliiminya khanga yake mpaka vidole vikauma. Alikuwa anatazama barabara huku anasikiliza anga, na hakujua tena ni yupi kati ya Kapteni na Kornel anayemwombea afike. Mlango ulisikika ukifunguka, chuma juu ya chuma. Hatua. Hatua nyingine.

King'ora kikalia.

“Dhoruba!” ilipiga kelele redio. “Dhoruba ya vimondo!”

“Mwongo!” Eunike aliruka kutoka kwenye jiwe. “Mwongo mkubwa wewe! Mwongo usiye na haya!”

Mzee Ebenezeri alishtuka nusura redio imdondoke. “Unamtukana nani nyumbani kwangu?”

“Mwandishi! Baba, umesikia mwenyewe, mlango ulikuwa umefunguka! Walikuwa wamebakiza hatua! Hajui kuwakutanisha, ndiyo maana! Anaogopa! Miaka sita anatudanganya kwa sababu hajui watasema nini wakionana!”

“Na wewe mhurumie,” mzee alisema. “Ana watoto huyo. Akiwakutanisha leo, wiki ijayo atakula nini?”

“Aandike ndoa yao! Ndoa haina hadithi?”

“Ina hadithi,” shangazi Veronika alisema, “lakini haifai kutangazwa redioni.”

Mama Ruth aliangua kicheko. Mzee alipigana na tabasamu lake, akashinda. Lakini Eunike alikuwa analia. Alilia amesimama katikati ya uwanja uliofagiliwa, mikono imeninginia, na kila aliyekuwepo alijua halii kwa ajili ya Zuhura. Kicheko kikafa. Juu ya Meru palikuwa pamebaki ukucha mwekundu wa jua, basi.

“Mwanangu,” mzee alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa laini, jambo lililomtisha Eunike zaidi. “Nilisema mpaka jua lizame.”

“Halijazama, baba.”

“Halijazama. Lakini linazama.”

Ndipo waliposikia gari.

Lilikuwa pikapu kuukuu, linapanda linalalamika, taa moja inawaka, nyingine imekufa. Lilisimama nje ya ua. Mlango ulifunguliwa, na Eunike alisikia hatua, na akagundua kwamba ameziba mdomo kwa mikono miwili kama anayesubiri king'ora.

Aliyetangulia ni Thadeus, baba mdogo wa Kornel, mnene, jasho linamtiririka, kofia mkononi. Nyuma yake Kornel na dereva walibeba pipa dogo kwa mti mabegani. Shati lilikuwa jeupe kweli. Lakini Kornel hakuinua macho.

“Shikamoo, meku,” Thadeus alimwamkia mzee kwa jina la heshima la Kichaga. “Tumechelewa, mtusamehe sana, barabara—”

“Marahaba. Barabara imefanya nini?”

“Meku, gari lilipofika pale Kiboriloni, tairi—”

“Dhoruba ya vimondo,” shangazi Veronika alisema.

Thadeus aligeuzageuza kofia mkononi. Kornel aliteremsha pipa taratibu. “Baba mdogo, acha,” alisema. “Tairi halikutoboka.”

Nyuso zote zilimgeukia. Redio, iliyokuwa imemaliza mchezo na kuanza muziki, mzee aliizima.

“Kumbe nini kimewachelewesha?” aliuliza.

“Sisemi, baba.”

“Husemi?”

“Nimechelewa. Kosa ni langu. Sababu ninayo, lakini sitaisema hapa.”

“Kijana, umekuja kuposa au kunijaribu?”

Kornel alitia mkono ndani ya shati akatoa jani la isale, refu, la kijani kibichi, limefungwa fundo katikati. Eunike alilijua. Kila mtoto wa mlimani analijua. Ukimkosea mtu mpaka maneno yakaisha, unamchumia isale, na jani hilo linasema kwa niaba yako. Limewapatanisha hata wazee waliokuwa wameshikiana mapanga kwa ajili ya mpaka wa shamba.

Mzee Ebenezeri alinyoosha mkono kulipokea. Yeye ndiye aliyesubirishwa, uwanja ulikuwa wake.

Kornel alimpita. Akampita Mama Ruth pia, akaja mpaka pale Eunike aliposimama, akalishika jani kwa mikono miwili mbele yake.

“He!” Shangazi Veronika alisimama, maharage yakamwagika. “Isale linapelekwa kwa msichana, mzee amekaa? Kirua hamjui heshima?”

“Shangazi, mnisamehe,” Kornel alisema bila kugeuka. “Mliosubiri leo ni nyinyi wote. Lakini niliyemkosea ni huyu, na nilimkosea wiki iliyopita, si leo.”

“Aseme sababu kwanza!”

“Isale haliulizwi sababu,” mzee alisema polepole. Hakuwa amefurahi. Lakini alikuwa mtu wa mlimani kabla hajawa mzee wa kanisa. “Eunike. Ni lako hilo. Lipokee au uliache, mimi siingilii.”

Eunike alilitazama jani. Alitaka kulipokea mpaka mikono ikamuuma. Lakini hofu nayo ilikuwa imemkaba. Mtu asiyeeleza leo, ataeleza lini? Akilipokea jani hili bila neno, kesho atapokea lingine, na keshokutwa lingine, awe mwanamke wa kungoja mlangoni maisha yake yote huku mumewe anapotea na kurudi na mkono ulioota wenyewe. Aliinamisha macho ili asiuone uso wa Kornel, maana uso ule ungemshinda.

Na hapo akaona suruali.

Ilikuwa ile suruali yake ya kijivu, pana chini, ya siku kuu, ambayo Kornel huipiga pasi mpaka mstari wake unaweza kukata mkate. Kwenye magoti yote mawili kulikuwa na udongo mwekundu. Haukuwa udongo wa kurukiwa na gari. Ulikuwa umekandamizwa ndani ya kitambaa, umekauka, umepasuka, udongo wa mtu aliyekaa chini kwa magoti muda mrefu, akangoja, asijibiwe, akaendelea kungoja.

Napiga magoti kanisani tu.

Eunike aliinua macho. Kornel aliona alichokiona, na damu ikampanda usoni mpaka masikioni. Kidevu kile cha fahari kilitetemeka kidogo. Lakini hakusema. Angeweza kusema neno moja, mama, akasafishwa mbele ya uwanja mzima, na aibu yote ikamwangukia mjane mmoja huko Kirua. Hakulisema.

Eunike alipokea jani.

“Aika mbe!” Thadeus alishukuru kwa Kichaga, akapumua kwa nguvu, kama gunia lililofunguliwa.

“Bado,” Mzee Ebenezeri alisema. “Hayo ni yao. Sasa yangu. Leteni kata.”

Mama Ruth alileta kata. Thadeus alifunua pipa, akachota, akaonja kidogo mwenyewe kama inavyotakiwa, na macho yake yakakimbia pembeni. Mzee alipokea, akanywa. Alikaa na ile mbege mdomoni muda mrefu.

“Tamu,” alisema.

Hakuna aliyefurahi. Mbege ya posa haitakiwi kuwa tamu. Inatakiwa iume, impandishe mzee nyusi.

“Tamu kama uji wa mtoto. Hii ni changa, haina hata povu moja. Ulezi hutiwa tangu jana yake, huu umetiwa leo. Tena leo mchana.” Aliirudisha kata. “Thadeus, wewe ni mtu mzima. Unaijua desturi. Mbege ya posa inanyweka siku iliyoletwa, ama inarudi na aliyeileta.”

“Naijua, meku.”

“Basi sijui unataka niseme nini.”

Jua lilikuwa limezama. Eunike aliona baba yake akitazama kule Meru, akiona kwamba neno lake limetimia, akitafuta namna ya kulisema bila kumuumiza. Mzee alifungua mdomo.

“Baba,” Eunike alisema. Alipiga magoti mbele yake, pale pale kwenye udongo aliokuwa ameufagia mchana kutwa. “Huo ulezi umetiwa. Umechelewa, lakini umetiwa na mkono uliotakiwa kuutia. Asubuhi utakuwa umeiva. Mimi nimengoja miaka sita hadithi ya watu wasiokuwepo. Hii ni yangu. Unaninyima asubuhi moja?”

“Neno langu lilikuwa jua kuzama.”

“Ulisema wafike. Wamefika jua likiwepo. Hukusema mbege iwe imeiva.”

Mzee Ebenezeri alimtazama binti yake, kisha kijana, kisha magoti ya kijana. Alikuwa na macho yake pia. Alikaa akitazama magoti yale hata Kornel akajaribu kuyafunika kwa kofia ya baba yake mdogo.

“Mama yako anaitwa nani?” aliuliza ghafla.

“Bernadetha, baba.”

“Mgumu?”

“Sana, baba.”

“Hm.” Mzee aliinuka, akanyoosha koti lake. “Veronika, okota maharage yako, wageni wanalala. Pipa liingie ndani, likae karibu na jiko, joto lilisaidie. Asubuhi kabla ya ibada nitaonja tena. Ikiuma, nitatuma mtu kwa Elisaria, asisumbuke Jumatatu. Isipouma...”

Walipokuwa wakilisogeza pipa jikoni, Eunike alishika upande mmoja, Kornel mwingine. Nje wazee walikuwa wamerudia mabishano ya Kapteni, na sauti ya shangazi ilikuwa juu kuliko zote.

“Tangu saa ngapi?” Eunike alinong'ona.

“Nini?”

“Magoti.”

Kornel alilisimamisha pipa karibu na jiko, hakuinuka. “Tangu alfajiri. Mama alikuwa anapalilia kahawa, ananizunguka kama kisiki. Hakunitazama.”

“Na alipokubali, alisema nini?”

“Alichukua ulezi akatia. Hakuniambia kitu. Tulipowasha gari ndipo alipokuja dirishani.” Alimtazama Eunike, na tabasamu likamwanzia upande mmoja wa mdomo. “Akasema, ‘Mlete nimwone, huyo aliyeweza kukupigisha magoti.’”

Eunike alijifunika uso kwa khanga. Nje mama alimwita Kornel aje kunawa mikono, naye akatoka akijipangusa suruali bure.

Eunike alibaki na pipa. Jani la isale lilikuwa bado mkononi mwake, limepata joto. Kesho kabla ya ibada baba atapandisha nyusi au hatapandisha, na hakuna mtu, si Kapteni wala mwandishi wake, aliyeweza kumwambia ipi. Aliinama, akaweka sikio kwenye ubao, vile vile anavyoliweka kwenye redio betri zikiwa zimekwisha.

Kwanza hakusikia kitu. Kisha, mbali sana, ndani kabisa, povu moja likapasuka. Likafuata jingine.